Entebbe Hadi London, Bila Kufagia

Kwetu Busia, mtu wa nyumbani akisafiri, nyumba haikufagiwa mpaka afike alikokwenda. Sheria hiyo haikuwa ya dini wala ya serikali. Ilikuwa ya nyanya yangu, mama yake baba, Msamia kwa kabila, aliyeolewa na mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu, akafunga na kuswali kama inavyotakiwa, lakini alipokuja aliyabeba mambo yake machache kutoka kwao Buhehe kama mtu anavyobeba chungu chake. Nyayo za msafiri zimebaki sakafuni, alisema. Ukizifagia kabla hajafika, umeifagia safari yake.

Sheria hiyo haikututaabisha, kwa sababu safari zetu zilikuwa fupi na nyanya alizijua zote. Ilikuwa bado enzi ya Waingereza, na mpaka wa Kenya na Uganda pale kwetu ulikuwa kitu cha kwenye ramani. Kuku wetu walikula Kenya na kutaga Uganda. Baba akienda Tororo kuchukua vitambaa vya duka, tulifagia jua likiwa utosini. Akienda Mbale, tulingoja alasiri. Kisumu ilikuwa usiku mmoja. Mara moja alikwenda Mombasa kwa gari moshi, na mama alishikilia mpaka uzeeni kwamba katika siku zile kuku mmoja alitotoa chini ya meza pasipo mtu kujua.

Nyanya mwenyewe hakupata kufika mbali kuliko Tororo. Aliyajua yote hayo kwa kuwauliza waliorudi, na alikuwa akiuliza vizuri kuliko hakimu.

Aliyeleta vurugu ni kaka yangu. Alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea mambo ya vyama vya ushirika, na wakubwa waliompa nafasi hiyo wakaona apelekwe kwa ndege. Jumatano alipanda gari moshi Tororo kwenda Kampala. Alhamisi jioni ndege ingeondoka Entebbe. Tulimsindikiza hadi stesheni, tukalia kiasi, tukarudi nyumbani, na mpaka Ijumaa asubuhi hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka ufagio.

Aliyekumbuka ni mama, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na wageni.

Wageni hao walikuja kumwona dada yangu. Kulikuwa na kijana wa Tororo, mtu wa malori, aliyekuwa akishusha mizigo dukani kwa baba na kuchukua muda mrefu mno kuishusha. Dada naye alikuwa amegundua kwamba hesabu ya magunia haiwezi kufanywa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Mambo yao yalikuwa yameiva. Kilichobaki ni shangazi yake kijana, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, aje atukague. Na huyo shangazi sifa zake zilivuka mito. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya simiti, iliyosuguliwa mpaka nzi wakateleza. Alikuwa amemkataa msichana mmoja kwa sababu ya masizi kwenye birika. Mwingine alimkataa kwa sababu ya pazia, na hatukupata kujua pazia lilikuwa limefanya nini.

Kwa hiyo mama alitafuta ufagio Ijumaa asubuhi, akamkuta nyanya ameukalia.

"Mama," alisema mama yangu kwa adabu, "wageni ni kesho."

"Najua."

"Nyumba ina maganda ya karanga. Ina majivu. Ina manyoya ya yule jogoo tuliyemchinjia mjukuu wako."

"Mjukuu wangu yuko hewani," nyanya alisema. "Unataka nimfagie adondoke?"

Dada alikuwa mlangoni na beseni la maji. Alilitua beseni polepole sana, kama mtu anayeogopa kuliamsha. Nilimtazama usoni nikaona kwamba ilikuwa kesho au basi tena. Shangazi yule hakuwa mtu wa kuja mara mbili.

Baba alijaribu njia ya wanaume, yaani kuuliza swali. "Mama, ndege inachukua muda gani mpaka huko?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona nyanya hana jibu la safari. Alikuwa na Mbale, Kisumu na Mombasa, lakini ndege hakuwa nayo.

"Mtafute mtu anayejua," alisema. "Nikijua, nitautoa ufagio."

Wote walinigeukia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza sekondari, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchukua baiskeli ya baba na kwenda mahali ambako sikutumwa. Sasa walikuwa na mahali pa kunituma. Sikungoja nipewe chai.

Kabla ya kuondoka nilifungua atlasi yangu ya shule, nikanyoosha uzi kutoka Entebbe hadi London, nikaupima kwenye kipimo kilicho chini ya ukurasa. Maili elfu nne hivi. Uzi ulipita juu ya Sudani, ukapita juu ya jangwa, ukavuka bahari, na haukuonyesha kuchoka. Lakini uzi haukuweza kuniambia muda. Nikapanda baiskeli.

Tororo ilikuwa kwangu mji mkuu wa dunia. Ule mwamba wake ulisimama mbali ukikungoja, na ukiendesha saa nzima unauona uko palepale, kana kwamba nao unarudi nyuma. Nilianzia stesheni, kwa karani wa mizigo niliyemjua, mtu wa maringo kidogo aliyevaa kalamu mbili mfukoni hata kama moja haikuwa na wino.

"Entebbe mpaka London?" alisema. "Maili ngapi?"

"Elfu nne."

"Wewe leta hapa hesabu." Alichukua kipande cha chaki, akaandika kwenye ubavu wa behewa. "Tororo mpaka Mombasa ni maili karibu mia saba. Gari moshi inatumia siku mbili. Elfu nne gawanya kwa mia saba, zidisha kwa mbili. Karibu siku kumi na mbili. Na hapo sijaweka vituo vya maji."

"Ndege haitiwi maji, ndugu."

Alinitazama kwa huruma. "Chombo gani kinakwenda maili elfu nne bila maji?"

Nilimshukuru. Nilipokuwa nikiondoka alinifuata kuniambia kwamba, kwa upande wake, asingepanda.

Jibu la pili nililipata karibu na kiwanda cha simiti, kwa dereva wa mhandisi mmoja wa Kizungu. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana, na mazungumzo yetu yote niliyafanya na viatu vyake.

"Mimi nilipeleka bwana yangu Entebbe mwaka jana," viatu vilisema. "Alipanda jioni. Aliporudi nilimuuliza. Anasema wanakula juu kwa juu. Wanashuka Khartoum wananyoosha miguu, wanapanda. Wanalala wamekaa. Wanashuka tena huko mbele, wanakunywa chai. Kesho yake jioni wako kwao."

"Usiku mmoja na mchana mmoja?"

"Ndiyo hivyo."

"Una hakika?"

"Mimi sina hakika. Lakini bwana huwa hadanganyi, isipokuwa juu ya likizo yangu."

Usiku mmoja na mchana mmoja. Niliyarudia maneno hayo njia nzima nikirudi. Mvua ilinikamata nusu ya njia, udongo ukashika magurudumu, na baiskeli iliyonibeba asubuhi nikaibeba mimi jioni. Nilipofika nyumbani nimeloa mpaka kwenye mifupa, nilikuwa na hesabu safi kabisa: kaka aliondoka Entebbe jana jioni, basi saa hiyohiyo ninapoingia mlangoni yeye anatua London. Kesho asubuhi tufagie.

Mama alishusha pumzi. Dada alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tulipokuwa watoto.

Nyanya alitikisa kichwa. "Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, kama nyanya wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "umetoa jasho bure. Nimekuuliza lini anafika. Wewe umeniletea lini anatua."

"Kutua si ndiyo kufika, nyanya?"

"Gari moshi likisimama Kampala, wewe umefika? Bado uko stesheni unatafuta sanduku. Mtu amefika akishakula chakula kilichopikwa katika nyumba atakayolala. Kabla ya hapo yuko njiani. Sasa niambie, kutoka huo uwanja mpaka kwenye nyumba yake ni umbali gani?"

Sikujua. Hakuna mtu Tororo aliyejua. Nilikuwa nimepima maili elfu nne kwa uzi na nikasahau zile chache za mwisho.

"Labda anakaa kijijini, Lumino ya huko," nyanya alisema. "Labda ni huko ambako lori linapita siku ya soko tu."

Hapo dada akajaribu mwenyewe. Alipiga magoti mbele yake, akasema kwa sauti ya upole, "Nyanya, sheria ni ya nyayo, sivyo? Kaka alitembea kutoka hapa hadi kwenye gari. Lakini kutoka Entebbe hakutembea. Ndege haina nyayo. Basi nyayo za nyumba hii zilikwisha Entebbe, na Entebbe amekwisha kufika."

Baba alikohoa. Hata mimi niliona kwamba wakili wa Kampala asingeisema vizuri zaidi.

"Hujasema vibaya," nyanya alikiri. "Lakini akishuka, atatembea kwa mikono?"

Alijiweka sawa juu ya ufagio, na jambo likaisha.

Jumamosi tuliamka tukafanya tulichoweza. Ua haukuwa chini ya sheria, kwa hiyo tuliufagia kwa matawi mpaka ukang'aa. Tulipanga viti chini ya ukingo wa paa, tukaweka meza na kitambaa cheupe. Mpango ulikuwa kwamba wageni wasivuke kizingiti. Ndani, kwa tahadhari, mama alitandika mikeka juu ya kila kitu. Mikeka haikulala vizuri. Ilikuwa na vilima, na ukikanyaga, karanga zililia chini yake.

Lori lilikuja baada ya adhuhuri. Kijana mwenyewe hakuwamo, kama ilivyo desturi. Aliendesha mjomba wake, na pembeni mwa dereva alikaa shangazi, amenyooka kama msumari, buibui lake halina hata alama ya vumbi ingawa sote tuliijua ile barabara. Alisalimu kila mtu kwa jina la heshima yake. Aliketi ukingoni mwa kiti. Alitazama ua, akatazama kitambaa cha meza, akaangalia birika chini, kabisa chini, na birika likasalimika. Dada alileta chai akiwa ameinamisha macho. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa kwa muda wa kikombe kimoja.

Kisha ikanyesha. Haikutangulia manyunyu, ilimwagika yote kwa pamoja, na upepo ukaisukuma chini ya paa mpaka kwenye vikombe. Baba alisema labda itapita. Maji yalianza kuingia kwenye viatu vya mgeni. Hapakuwa na namna. Tuliingia ndani.

Shangazi aliweka mguu kwenye mkeka na mkeka ukalia. Aliinua mguu, akauweka pengine, ukalia tena. Kwa ncha ya kidole gumba cha mguu aliinua pembe ya mkeka, akatazama chini yake kwa utulivu, kama mtu anayesoma ilani ya serikali. Halafu aliurudisha mahali pake na kumgeukia dada, si mama.

"Binti, nyumba hii haina ufagio?"

Nyanya alikuwa amekaa pembeni, juu ya ufagio. Ungeweza kuona ncha za njiti. Dada angeweza kumwonyesha kidole na yote yangekuwa juu ya kikongwe na mambo yake ya kizamani, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ufagio upo, shangazi," alisema. "Kaka yangu yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Anakwenda Uingereza, kwa ndege. Kwetu hatufagii mpaka mtu afike."

"Na haya maganda yanamsaidia nini huko juu?"

"Sijui, shangazi. Mimi ningefagia jana. Lakini kaka ni wa nyanya kabla hajawa wangu."

Mama alifumba macho. Mvua ilipiga mabati, na mjomba mwenye lori akawa amegundua jambo la kuvutia sana kwenye kofia yake.

"Ufagio huo ameuficha nani?" shangazi aliuliza hatimaye.

"Nimeukalia mimi," nyanya alisema. "Na siondoki."

"Basi mtoto hakuwa na hiari."

"Matawi yako nje, mama," nyanya alimjibu. "Ua wameufagia nayo, umeona mwenyewe. Jana nilitoka kutawadha mara tano. Angetaka, angefagia nikiwa nje, akaniambia ni upepo. Wewe ungefanya nini ulipokuwa na umri wake?"

Shangazi aliketi, na karanga zikalia chini ya mkeka kwa mara ya mwisho. "Ndege inachukua muda gani?" aliuliza, na hakuuliza kwa dharau.

Kwa kuwa nilikuwa mtaalamu, nilimweleza: usiku mmoja na mchana mmoja, Khartoum kunyoosha miguu, chai njiani. Nilimweleza pia kuhusu siku kumi na mbili za karani, ili awe na uchaguzi.

"Usiku mmoja na mchana mmoja kwenda Ulaya," alisema mjomba. "Na mimi juzi nimechukua siku mbili kwenda Jinja."

"Zilikuwa siku mbili na nusu," shangazi alisema. "Nakumbuka kwa sababu sikula."

"Kwa nini hukula?"

"Tumbo." Alitazama mikono yake. "Tumbo langu ni bovu. Lori likiwa njiani, kitu hakipiti. Likilia honi pale kwenye kona, nakula sufuria nzima. Nimekwenda hospitali, nimepewa dawa ya maji na dawa ya unga."

Mjomba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajakiona.

"Si tumbo," nyanya alisema.

"Ndiyo," shangazi alisema. "Naanza kuona si tumbo."

Kisha wakasogeleana, wale wawili, na sisi wengine tukawa kama hatupo. Nyanya alimweleza kuhusu Mbale na Kisumu na Mombasa. Shangazi alimweleza kuhusu daraja lililovunjika na mkaguzi wa magari na taniboi, yule msaidizi wa dereva, aliyerudi peke yake usiku mmoja akasahau kusema kwamba wengine ni wazima. Walibishana kaka yuko wapi saa hiyo. Nyanya alikuwa bado naye njiani, na sanduku begani. Shangazi alikuwa amemfikisha kwenye nyumba lakini chakula hakijaiva. Dada aliwaongezea chai, na mara ile hapakuwa na mtu aliyeliangalia birika.

Mvua ilipopungua, shangazi alisimama na kumwambia baba, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba wanaume wakae sasa wazungumze yao, kwa kuwa yeye amemaliza yake. Dada alikwenda jikoni. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, na beseni tupu kifuani.

"Kwa hiyo tufagie sasa?" nilimnong'oneza.

"Thubutu," alisema. "Wanaondoka kwenda Tororo."

Ilikuwa kweli. Lori lilipopinda kona nyanya alikuwa palepale alipokuwa, sasa akiwa na safari mbili mikononi. Ya Tororo alisema itakwisha kabla ya magharibi. Lakini lile lori lilizama kwenye kinamasi, wakalala kwenye nyumba ya wenyewe, na hatukupata habari kwamba wamefika mpaka Jumapili mchana. Jumatatu ikaja simu ya maandishi kutoka London kupitia posta. Baba aliisoma dukani mbele ya wateja, akaisoma tena, kwa sababu ilikuwa na neno moja tu: NIMEKULA. Mama alifagia mpaka giza likaingia.

Posa ilipokelewa, na baada ya mavuno dada akaolewa Tororo, kwenye ile sakafu ya simiti. Tulidhani mambo yamekwisha. Miezi michache baadaye alikuja nyumbani bila taarifa, amekonda kidogo, akaenda moja kwa moja kwa nyanya.

"Nyanya, nisaidie," alisema. "Shangazi ameikamata sheria yako. Lori likitoka, anaficha ufagio. Sasa anakula vizuri, amenenepa, anakusalimu sana. Lakini wana malori matatu, na hakuna siku yote matatu yako nyumbani. Tangu nimeolewa tumefagia mara mbili."

Nyanya alizipima barabara zote kichwani mwake. Nadhani alikuwa akifurahi, lakini hakutaka ionekane.

"Mwambie hivi," alisema. "Lori likienda Mbale, fagieni. Likienda Kisumu, fagieni. Likivuka Jinja, acheni. Na mwambie asiponielewa aje hapa nimweleze mwenyewe."

Dada aliibeba hukumu hiyo mpaka Tororo na kuitoa neno kwa neno. Shangazi aliisikiliza, akaiona ni ya haki, kisha akavaa buibui lake na kuja Busia kwa lori la asubuhi, kuomba Jinja nayo iwekwe kwenye safari zisizofagiwa.